Fungu la Kumi la Mkopo

Ukinunua unga wa muhogo kwake, alijaza kopo mpaka unga ukafanya kilima, akaongeza konzi moja juu ya kilima, akamimina kwenye mfuko wako. Halafu, ukishaanza kumpenda, aliingiza vidole viwili mfukoni na kuchukua unga kidogo. "Hii ni ya upepo," alisema. Hakuna aliyejua ni upepo gani. Niliwahi kumuuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza mambo yasiyoleta chakula, akanijibu kwamba kama ningekuwa na duka ningelijua jibu, na kama ningelijua jibu ningekuwa na duka.

Sote tulimwita Mama Shemasi. Jina lake naliacha, na kijiji chake kule Kivu ya Kusini nakiacha vilevile, pamoja na baba na babu zake. Mwenyewe hakuyapenda maswali hayo. Alikuwa ameyajibu mara nyingi mno mbele ya meza za Base Camp, kwenye ofisi za kambi. "Banauliza baba yangu alizalikia fasi gani," aliniambia siku moja akitoka huko. "Baba mwenyewe hakuulizaka."

Nilikuwa jirani yake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa miaka kumi na moja. Nyumba zetu zilitenganishwa na mstari mmoja wa mihogo na ugomvi kuhusu mstari huo. Nina shahada ya chuo kikuu, niliyoipata kwetu kabla mambo hayajaharibika, katika fani ambayo haijawahi kumsaidia mtu kuezeka choo. Kwa sababu ya shahada hiyo aliniita Profesa. Wengine waliniita hivyo kwa heshima. Yeye alilitamka neno lile kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Kanisani alikuwa na kiti chake, kiti kifupi cha mbao alichokwenda nacho na kurudi nacho, ingawa mabenchi yalikuwapo. Alisema mabenchi yanafundisha watu kusinzia kwa pamoja. Alipoomba hakufumba macho. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikuwa, bila shaka, nimefumbua yangu, na macho yetu yakakutana juu ya vichwa vya watu wanaolia. Baada ya ibada alinifuata. "Yesu alisema mukeshe na kuomba," akaniambia. "Kukesha njo kulianza." Mimi sikuwa nakesha wala kuomba. Nilikuwa natazama viatu vya watu.

Msibani hakulia. Alifika na sufuria yake kubwa, akauliza kuni ziko wapi, akawafukuza wanaume waliokaa karibu na moto wakizungumza mambo ya serikali. Mtu aliyefiwa alimwona Mama Shemasi mgongo tu, siku tatu nzima, akiwa ameinama. Wapo waliosema hana moyo. Wapo waliosema ndiye mwenye moyo peke yake. Nilisikia maneno yote mawili kutoka kwa mtu mmoja, mazishi mawili tofauti.

Alikuwa na uongo mdogomdogo aliouhifadhi kama chumvi. Kila kamati ilipotaka kumchagua, alishika kifua na kusema ana shinikizo la damu. Jioni ile ile ungemkuta amebeba nusu gunia la muhogo kichwani. Aliwaonya watu wasipoteze karatasi zao, akahifadhi kadi ya ubatizo ya marehemu mume wake ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Na alichukia deni kuliko alivyochukia mbuzi wangu. Lakini alikopa.

Hapo ndipo nitakapokaa, kwa sababu nikimkumbuka namkumbuka zaidi katika jambo hilo la mkopo, na kwa sababu katika jambo hilo mimi si mtazamaji.

Kulikuwa na kampuni ya mikopo yenye ofisi kubwa Mbarara na chumba kimoja Rwekubo, mji mdogo wa jirani na kambi. Sitaitaja jina, si kwa adabu bali kwa woga. Ilikopesha wanawake kwa vikundi. Kikundi cha Mama Shemasi kilikuwa na wanawake sita, yeye akiwa mwenyekiti, shinikizo la damu likiwa limesahaulika. Kila mmoja alipata mkopo wa shilingi laki tano wa biashara ndogo, siku moja, meza moja. Walipomaliza kulipa, walikopa tena. Walifanya hivyo mara tatu.

Sasa, kosa ambalo sijaliona kwa watu wa kanisa lingine, wala kwa mtu mwingine wa kanisa letu. Jumapili ya kwanza baada ya kupokea mkopo, Mama Shemasi alikwenda mbele na bahasha akatoa fungu la kumi. La mkopo.

Pasta wetu, mtu mpole aliyewahi kufuga ng'ombe na bado alihubiri kana kwamba anaita ndama, alimfuata nje.

"Mama Shemasi, mukopo si mavuno. Ni franga za batu."

"Pasta, Mungu alinipatia ao hakunipatia?"

"Alikupatia. Lakini utarudisha."

"Na huu uzima pia nitarudisha. Sasa nisiushukurie?"

Pasta alikwenda akaandika kwenye daftari la fungu la kumi. Alikuwa mwangalifu sana na daftari lile. Lilikuwa na tarehe, jina, kiasi, na safu ya mwisho ya kuonyesha pesa imetoka wapi: mavuno, mshahara, zawadi, kuuza mbuzi. Kwa ajili ya Mama Shemasi akaandika neno "mkopo", akalitazama, akalipigia mstari chini kama mtu anayenawa mikono.

Rafiki yake mkubwa katika kikundi, Mama Furaha, alikataa kumfuata katika hilo. Mama Furaha alikuwa mshonaji, mwembamba, mwenye kicheko kilichotangulia utani. "Mimi siwezi kumulipa Mungu na franga ya kampuni," alisema. "Kampuni ikikuja kudai, itadai kwa nani? Itapanda mbinguni na bodaboda?"

"Itapita kwako kwanza," Mama Shemasi akamjibu. "Wewe njo uko karibu na barabara."

Jambo moja zaidi kuhusu fungu lile. Hakulitoa kwenye laki tano. Alilitoa kwenye kile alichohesabu mwenyewe mezani, baada ya kampuni kukata makato yake. Pasta alimuuliza kwa nini hesabu haitimii. "Ile haikufika mukononi," alisema, "Mungu aidai kwao."

Kabla ya mkopo wa kwanza aliniletea fomu. Ilikuwa Kiingereza, kurasa kumi na moja, maandishi madogo. Nilikuwa nimealikwa harusini Ngarama na maji ya kuoga yalikuwa yanapoa. Nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri, na wa mwisho vizuri. Katikati nilifunua. Ukurasa mmoja wa katikati uliandikwa juu yake "bima ya mkopo". Neno lile niliona. Nililipita kama mtu anavyompita anayemdai sokoni, kwa kutazama upande mwingine.

"Inasema nini?"

"Ni maneno ya kawaida ya benki, Mama."

"Kawaida ya nani?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Alinilipa makopo mawili ya unga, nikaenda harusini.

Ningekuwa nimesimama pale dakika tano zaidi, ningeona kwamba bima ile ililipa deni la mkopaji aliyekufa kwa sharti kwamba mkopaji awe na kitambulisho cha taifa. Sisi ni wakimbizi. Tuna vyeti vya ukimbizi na kadi za familia, tuna namba nyingi kuliko wafungwa, lakini kitambulisho cha taifa la Uganda hatuna na hatuwezi kuwa nacho. Wanawake wale sita waliuziwa mwavuli ambao haufunguki mvua ikinyesha, na aliyewatafsiria karatasi ya mwavuli alikuwa na shahada.

Kuhusu karatasi zenyewe. Mwaka mmoja ilitoka habari Base Camp, ya mtu aliyesikia kwa mtu, kwamba wanaohoji watu wa kwenda kuishi nchi ya tatu, ng'ambo, wanatafuta walio na mikopo, kwa sababu mwenye mkopo ameshajenga maisha hapa na hana haja ya kupelekwa popote. Jioni ile ukipita katikati ya nyumba zetu ulisikia harufu ya karatasi chini ya maharagwe. Mikataba, risiti, vitabu vya marejesho, vyote viliiva. Mama Shemasi, wa mifuko miwili ya plastiki, alichoma vya kwake moja kwa moja bila kuita mtu. Na mimi? Wiki ile ile nilikuwa naandika makala ndefu juu ya uvumi kama chakula cha watu wanaosubiri. Sikuwa na mkopo. Nilichoma risiti ya redio.

Hakuna aliyepelekwa nchi ya tatu mwaka ule kutoka mstari wetu wa nyumba.

Kisha Mama Furaha akafa. Homa ya siku nne, siku ya tano tukamzika. Mkopo wa tatu ulikuwa umebaki zaidi ya nusu. Mama Shemasi alikuja na sufuria, akainama juu ya moto kama kawaida yake, lakini safari hii niliona maji yanachemka na yeye hatii unga.

Mama Furaha aliacha binti mmoja, Furaha mwenyewe, aliyekuwa ameshazidi miaka ishirini, na cherehani moja. Furaha alishona sare za shule kwa cherehani ile, ndiyo iliyomlisha. Ndiyo pia iliyoandikwa dhamana ya mkopo. Siku arobaini hazijafika, vijana wa kampuni walikuja na pikipiki wakaichukua, wakaiweka kwenye stoo ya Rwekubo. Walikuwa na adabu. Mmoja alimsaidia Furaha kutoa kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

Furaha alikumbuka mama yake akisema kuna bima. Tukaenda Rwekubo kuuliza. Wakasema bima ipo, lakini haimhusu marehemu, kwa kuwa hana kitambulisho cha taifa. Wiki iliyofuata tukarudi na kuuliza: kama haikumhusu, kwa nini alikatwa pesa yake? Wakasema hakukatwa. Kama alikatwa, tulete karatasi.

Karatasi za kikundi kizima zilikuwa zimeivisha maharagwe. Ndipo Mama Shemasi aliponiambia pale mlangoni, bila kunitazama, kwamba tutakwenda Mbarara. Akanipa sababu tatu, nami nazikumbuka kwa mpangilio wake: cherehani irudi kwa Furaha, wanawake watano waliobaki warudishiwe pesa ya bima, na tatu, yeye ndiye aliyemtia Mama Furaha kwenye kikundi. "Alikuwa hataki," alisema. "Nilimusukuma."

Ofisi ya Mbarara ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilikuwa na vigae vinavyoteleza. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa huko huko Ankole, tai shingoni, kalamu tatu mfukoni, Kiswahili cha kuombea njia.

"Nyabo," alianza, yaani mama kwa lugha ya kwao, "mimi naelewa wewe. Lakini kompyuta yetu ya zamani ilikufa. Hii mpya iko na deni peke yake."

"Ilipokufa," Mama Shemasi akauliza, "iliacha bima, ikabeba deni?"

"Hivyo, nyabo."

"Ni kompyuta ya akili."

Kijana alicheka kidogo, halafu akakumbuka yuko kazini. "Wewe leta karatasi. Fomu, risiti, kitu yoyote ya kuonyesha pesa ya bima ilitoka kwako. Bila hiyo mimi hapana weza kusaidia. Hata kama nataka."

Nafikiri alitaka. Hilo lilinisumbua zaidi ya kama angekuwa mtu mbaya.

Ukutani nyuma yake palikuwa na bango la ada za kampuni, limeandikwa kwa herufi kubwa za Kiingereza: ada ya mkopo, asilimia tano. Basi. Bima haikutajwa. Nililiona bango lile nikaona ukuta. Mama Shemasi aliliona akaniuliza herufi zile zinasema nini, nikamwambia. Tuliposhuka kwenye teksi Rwekubo aliniita.

"Profesa. Laki tano, ukitoa tano kwa mia, inabakia ngapi?"

"Laki nne na sabini na tano elfu."

"Fungu ya kumi yake?"

"Elfu arobaini na saba na mia tano."

"Mimi nilitoa arobaini na ine na mia tano," akasema. "Mara zote tatu. Iko kwa Pasta."

Nilifanya hesabu kichwani nikitembea nyuma yake. Alikuwa amepokea laki nne, arobaini na tano elfu. Elfu thelathini zilipotea kila mara, na bango halikuzijua. Mimi niliyecheka fungu la kumi la mkopo, niliyelisimulia kambini kama kichekesho mbele ya wasomi wenzangu, nilijikuta nakaza mwendo ili nimfikie.

Pasta hakutaka. Daftari lile lilikuwa na siri za watu wote. Ungeliweka wazi, ungejua nani anavuna magunia kumi na kumpa Mungu kikapu. "Hii haiwezi kutoka kanisani, Mama. Batu batakimbia."

"Basi tufunike batu," akasema.

Tukawafunika. Furaha alileta vipande vya kitambaa cheupe cha sare, akavishona juu ya majina ya watu kwa mkono, kwa mishono mirefu ya kufumuliwa baadaye, ukurasa kwa ukurasa, Pasta akiwa amekaa pembeni kuhakikisha kwamba hatusomi. Iliachwa mistari mitatu tu iliyoandikwa "mkopo". Kazi yangu ilikuwa kushika kurasa. Sikusoma ya mtu, isipokuwa nilitafuta yangu. Miaka kumi na moja: mistari miwili, mmoja ukiwa wa kuku.

Mimi na Mama Shemasi tulipobaki wawili, Furaha amekwenda kutafuta uzi na Pasta amekwenda kuona ng'ombe wa mtu, nilimwambia. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri. Ikatoka mbaya.

"Mama, ile fomu ya kwanza. Neno bima nililiona."

Aliendelea kunyoosha kitambaa kwa ukucha.

"Sikusoma katikati," nikasema.

"Nilijua. Ulifunua makaratasi mingi mara moja. Hata mimi niko na macho."

"Kwa nini hukuniambia nirudie?"

"Nilitaka mukopo," akasema. "Kama ungesoma yote, pengine ungenikataza. Kwa hiyo, Profesa, usikamate hiyo zambi yote peke yako. Uniachie fasi."

Nimesikia mahubiri mengi ya msamaha, na nimeandika mawili matatu ya kukodishwa. Sijui kama yale yalikuwa msamaha. Yalinikaa vibaya zaidi kuliko lawama, kwa sababu lawama ningeweza kuibishia.

Tulikwenda Mbarara na daftari, Pasta akiwa amelipakata kama mtoto mwenye homa. Afisa alilifunua, akaona kurasa zimeshonewa nguo, akatutazama.

"Kitabu cha kanisa si risiti, nyabo."

"Sikusema ni risiti. Mimi nilimutolea Mungu moja kwa kumi. Hesabu wewe."

Alitoa simu akapiga hesabu. Akarudia. Akarudia na mkopo wa pili na wa tatu. Aligeuka akatazama bango la ukutani kana kwamba adui alilitundika usiku. Kisha akaandika kila kitu kwenye karatasi, akapiga picha mistari mitatu, na akaingia kwa bosi wake. Tulisubiri mpaka saa ya chakula. Alitoka akasema tutapigiwa simu.

Hatukupigiwa. Tulikwenda tena, na tena. Wakati huo huo Furaha alishona kwa mkono, akapoteza kazi ya sare kwa mtu mwenye cherehani, akaanza kuuza unga kwenye meza ya Mama Shemasi, vibaya, kwa sababu hakuchukua ya upepo. Wanawake watano walikuwa wanalipa deni la marehemu kidogokidogo kama wadhamini. Wawili waliacha kusalimiana na Mama Shemasi. Alipopita, nao walianza kushika vifua.

Mwaka huo nilipata kazi ya kufundisha Kifaransa Mbarara, shule ya binafsi inayolipa nusu na kuahidi nusu, nikahama. Sikumwona kwa miezi minne. Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi aliponipigia akiwa tayari chini ya ngazi za kampuni. "Njoo na Kingereza yako," akasema.

Alikuwa amekonda. Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni. Aliinama akaandika jina lake taratibu, kwa mwandiko wa mviringo wa shule za misheni, mzuri kiasi kwamba mlinzi aliinua shingo kuutazama. Nilipochukua kalamu, aliniondolea mkononi. "Wewe uko mukalimani tu. Mukalimani hana jina."

Afisa alikuwa na barua ya kurasa mbili. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, nikiifasiri kwa sauti hadi namba ya simu iliyo chini. Deni lililobaki la marehemu linafutwa. Cherehani inarudishwa. Wanawake watano watapewa pesa ya bima ya mikopo mitatu, pamoja na walichomlipia marehemu. Kisha ukurasa wa pili: kampuni inafanya hayo kwa huruma yake, bila kukiri kosa, na anayesaini kwa niaba ya kikundi hatamsimulia mtu yeyote jambo hili wala namna lilivyomalizika.

Nakivale ina vikundi vingi kama kile. Wote walisaini fomu ile ile ya kurasa kumi na moja.

"Rudia hiyo neno," akaniambia.

"Huruma."

Alimgeukia afisa. "Toa hiyo neno."

"Nyabo, bosi amekataa. Mimi nilijaribu. Ni neno dogo tu."

"Kama iko dogo, toa."

Kijana aliingia ndani. Tulisikia sauti mbili, moja fupi. Akarudi, akakaa, akazipanga kalamu zake tatu mezani. "Kama hakuna sahihi leo," alisema polepole, "ile mashini inauzwa Ijumaa. Kuna mtu amekuja kuiona. Mimi sitaki, nyabo. Naambia wewe ukweli."

Mama Shemasi alikaa na mikono juu ya mapaja. Huyu ni mwanamke aliyesimama kwenye foleni za mahindi ya msaada miaka mingi bila aibu, kwa sababu mahindi hayakusema uongo kuhusu yalikotoka. Nilitaka kusema kitu cha busara. Kwa bahati nzuri hakikuja.

"Leta wino," akasema.

Afisa akamsogezea kalamu.

"Nimesema wino. Ile ya kidole."

"Lakini wewe unajua kuandika, nyabo. Nimeona kitabu cha wageni. Mwandiko wako unashinda wa bosi."

"Jina yangu siitii chini ya hiyo neno," akasema. "Bachukue kidole."

Kijana alikwenda kutafuta kidau cha wino chumba hadi chumba. Mama Shemasi alibonyeza dole gumba lake la kulia kwenye karatasi, akalizungusha vizuri kutoka upande hadi upande kama walivyotufundisha Base Camp, akaliinua. Hakukubali kitambaa cha kujifutia.

Tulishuka Rwekubo mchana. Furaha alikuwa ametangulia na barua ya stoo ilikuwa imefika kwa simu. Walimtolea cherehani nje. Alipiga magoti mbele yake barabarani, akageuza gurudumu kwa mkono, akatazama sindano, akavuta mkanda, akavuta tena. "Inakosa mafuta tu," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Kwenye duka la mbele walikuwa wamekaa wanawake wanne wa kikundi kingine, waliokuja siku ya marejesho. Mmoja, mwenye vitabu vya malipo mkononi, aliisogelea cherehani akaigusa. Akamtazama Mama Shemasi.

"Mama Shemasi, siye pia banatukataka. Kila mukopo. Mulifanya namna gani mpaka banawarudishia?"

Mama Shemasi alitazama gumba lake, lenye wino wa ule ukurasa wa pili. Wanawake wale wanne walisubiri, na yule wa vitabu akasogea hatua moja zaidi, akidhani hakusikika.

Mama Shemasi aliinua gumba lake la bluu akanielekezea mimi.

"Muulize huyu," akasema. "Yeye hakutia kidole."

Wakanigeukia wote.